Siku Programu Yangu Iliposema "Imetumwa"

Marahaba. Najua hamjanisalimia, nimeitikia mapema tu ili tusicheleweshane. Tangu nistaafu siwezi kukaa sehemu moja kwa muda mrefu. Nimehamia Kisesa, nina nyumba ndogo na migomba michache inayonikumbusha kwetu Kagera bila kufanana nayo, na kila nikianza kuandika haya, baada ya mistari mitano nasimama, natembea mpaka getini, narudi. Jirani yangu akiniona ananiuliza, "Mama Koku, umepoteza nini?" Namjibu sijapoteza kitu. Ananiangalia kwa huruma.

Ninyi mnaoandika programu, ndio ninaotaka kuongea nanyi. Sisi tulikuwa tunasema "kuandika kodi". Kaka yangu aliposikia kwamba dada yake anaandika kodi mjini Mwanza, aliwatangazia watu kanisani kwamba nimeajiriwa na serikali, nakusanya ushuru. Watu wawili wakaanza kunikwepa. Nilipomweleza kwamba kodi yangu ni maneno ya kuiamuru kompyuta, akasema, "Hilo usiwaambie. Walikuwa wameshaanza kukuheshimu."

Kazi yetu ilikuwa hivi. Ofisi ilikuwa Kirumba, ghorofa ya pili, na ilihudumia vituo vya afya vya visiwani. Kule simu zinashika zikitaka, kwa hiyo ujumbe kati ya visiwa na mjini ulipita kwa redio. Nilianza nikiwa binti, enzi za redio ya sauti, ile ya kubonyeza kitufe ukiongea na kukiachia ukisikiliza. Nilimaliza nikiwa bibi, ujumbe unaandikwa kwenye kompyuta, na programu ya JavaScript ndiyo inayopokea na kutuma. Simaanishi ile JavaScript ya kupamba kurasa za tovuti. Hii ilikaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, kwenye kabati la chuma lenye feni, ikifanya kazi hata sisi tukiwa tumelala.

Aliyenifundisha redio ni Mzee Magesa, Mjita mmoja mwenye sauti nene na uvumilivu mdogo. Wiki yangu ya kwanza nilipokea ujumbe wa kisiwani umejaa mikwaruzo, sikuelewa hata nusu, nikaona aibu, nikajibu, "Nimekupata." Mzee Magesa akaninyang'anya kipaza sauti mkononi.

"Umempata?"

"Ndiyo, mzee."

"Amesema nini?"

Akamwomba mtu wa kisiwani arudie, akasikiliza mpaka mwisho, akaandika, akamsomea alichoandika, ndipo akasema amempata. Hakunigombeza tena. Siku nzima hakuongea na mimi neno lolote, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Alistaafu, akarudi Musoma, akafariki kabla kompyuta hazijaingia ofisini.

JavaScript nilifundishwa na mtu niliyeweza kumzaa. Nyanjige, binti wa Kisukuma kutoka Usagara, alikuja ofisini na begi la mgongoni na shikamoo ya haraka haraka, kama mtu anayelipa deni ili aendelee na safari. Nilikuwa nimekaribia miaka hamsini. Alinieleza kwamba kwenye seva data haiji kama gunia lililojaa. Inatiririka kidogo kidogo, na kinachoibeba huitwa mkondo. Kuna mkondo wa kusoma, ambao data inatoka kwake kuja kwako. Kuna mkondo wa kuandika, ambao unaupelekea data. Basi. Nikamwambia mbona ni rahisi. Akacheka.

Wiki ileile nikaiangusha seva. Nilikuwa nahamisha kumbukumbu za ujumbe wa zamani, nasoma kutoka kwenye diski yenye kasi, naandika kwenye kifaa cha kuhifadhia kilichochoka. Kila nilipoandika, mkondo wa kuandika ulinirudishia jibu la "hapana", yaani nimejaa, subiri. Mimi wala sikuliangalia hilo jibu. Data ikarundikana kwenye kumbukumbu ya seva mpaka ikazimika, ofisi nzima ikaniangalia.

"Mama Koku," Nyanjige akasema, "ukiambiwa subiri, si usubiri? Utapewa taarifa mrundikano ukishapungua. Taarifa yenyewe inaitwa drain. Ukiisikia, ndiyo unaendelea."

"Nilikuwa na haraka."

"Ndiyo. Na sasa?"

Sasa tulikuwa tunasubiri seva iwake. Haya ni makosa ya kawaida, na ninayasimulia ili mjue sikuwa mjinga wala hodari sana, nilikuwa katikati. Nilijifunza. Ngoja nisimame.

Nimerudi.

Mitambo yetu ya redio ilikuwa na masanduku mawili. Moja lilipokea, jingine lilituma, kila moja na waya wake na antena yake juu ya paa. Kwa hiyo programu ilipata mikondo miwili tofauti, wa kusoma na wa kuandika. Lakini skrini ya madaktari wa zamu pale ofisini ilitaka kuongea na kitu kimoja tu. Haikutaka kujua habari za masanduku. Ikabidi mikondo miwili iunganishwe iwe mmoja wa pande mbili, ambao wenyewe wanauita Duplex. Kwa nje unaonekana mkondo mmoja, unausoma na unauandikia. Kwa ndani ni miwili ileile.

Nyanjige alikuwa amesafiri kikazi. Nikasema nitaunganisha mwenyewe. Upande wa kusoma niliufanya vizuri, mpaka leo sioni kosa. Upande wa kuandika niliweka mambo mawili ambayo nawaomba mnisikilize kwa makini.

La kwanza. Unapotengeneza mkondo wa aina hii, kila kipande cha data kikiletwa unapewa na kitu cha kuitikia, na unatakiwa uitikie pale tu kazi ikiisha: nimeandika, lete kingine. Mimi niliitikia palepale, kabla sanduku la kutuma halijathibitisha lolote. Skrini ikaonekana nyepesi kweli. Daktari akibonyeza, neno "Imetumwa" linatokea hapohapo kwa kijani. Wakanisifu.

La pili. Mkondo ukipata hitilafu hupiga kelele, na kama hakuna anayesikiliza hiyo kelele, programu nzima inaanguka. Iliniangukia mara tatu wakati wa majaribio, mara moja mbele ya wakubwa. Kwa hasira nikaandika mstari mmoja wa kuisikiliza. Mstari wenyewe ulifanya nini? Uliandika hitilafu kwenye faili ambalo hakuna mtu aliyelifungua, ukaendelea na safari. Niliita hiyo kurekebisha.

Ilifanya kazi vizuri kwa miezi. Nyanjige aliporudi alipitia msimbo wangu kwa haraka, akaniuliza, "Hapa upande mmoja ukifa, mwingine unajuaje?" Nikamjibu hautakufa. Simu yake ikaita, akatoka, hatukurudi tena kwenye hilo swali.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi, asubuhi, jua kali, ziwa limetulia kabisa. Juu ya paa kulikuwa na mafundi rangi. Karibu saa nne ujumbe uliingia kutoka kisiwa kimoja, umeandikwa na Nesi Perpetua, muuguzi pekee wa kituo kile. Nilikuwa simjui kwa sura, ila kwa mwandiko wake wa kwenye skrini, maana alikuwa haachi nukta. Aliandika kwamba ana mama mjamzito anatoka damu nyingi, anaomba boti ya wagonjwa.

Dokta Kahindi ndiye aliyekuwa zamu. Hakupoteza muda. Akaagiza kwa simu, iliyoshika kwa bahati, boti iliyokuwa kituo cha jirani iondoke, akamwandikia Perpetua: boti imeondoka, mpeleke mama gati la kusini, mlaze kwa ubavu, msimpe chakula. Imetumwa. Kijani.

Baada ya muda Perpetua akaandika tena, maneno yaleyale. Mama anatoka damu. Naomba boti.

Dokta akakunja uso. "Huyu hasomi?" Akatuma tena. Kijani.

Mara ya tatu Perpetua aliandika bila nukta.

Mimi nilikuwa napita nyuma ya kiti cha daktari na kikombe cha chai. Nikausoma ule ujumbe begani mwake, nikakiweka kikombe mezani. Miaka yote ya redio ilinifundisha kitu kimoja: mtu anayerudia swali lilelile hajapuuza jibu. Hajalisikia.

"Dokta, hajapata."

"Imeandika imetumwa, Mama Koku. Si unaona?"

"Naona. Mimi ndiye niliyeiandika. Hajapata."

Nikamwita Nyanjige kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia ofisini. Nikafungua lile faili la hitilafu. Lilikuwa limejaa. Tangu asubuhi mapema, kila ujumbe uliotoka Kirumba kwenda visiwani ulikuwa umekufa mlangoni, na chini ya kila hitilafu programu yangu ilikuwa imeitikia vizuri kabisa kwamba kazi imeisha. Sanduku la kupokea lilikuwa zima. Tulikuwa tunasikia kila kitu na hakuna aliyetusikia.

Tulipiga simu kisiwani, haikushika. Nyanjige akapanda paani mbio na viatu vyake vya ofisini. Mafundi rangi walikuwa wamesogeza ngazi na kuchomoa waya wa antena ya kutuma. Hawakujua, na wala hapakuwa na kibao cha kuwaambia. Akaurudisha. Lakini mkondo uliokwisha kufa haufufuki kwa sababu waya umerudi. Ilibidi programu izimwe na kuwashwa upya, na hapo katikati tungekuwa viziwi.

"Akiandika wakati tumezima, tutaukosa," Nyanjige akasema, anahema.

"Zima," nikasema.

Nikamwachia kiti, akabonyeza yeye. Sijui ilichukua muda gani. Nilisimama dirishani nikiangalia mawe ya ziwani na wale korongo juu yake, nikawa nawachukia bure. Ikawaka. Dokta Kahindi akaandika ujumbe wake kwa mara ya tatu, na safari hii hatukuangalia lile neno la kijani. Tulisubiri jibu.

Lilikuja kwa herufi kubwa, taratibu, kama mtu anayetafuta kila herufi kwa kidole kimoja.

MIMI NI MAMA TATU MFANYA USAFI. NESI KAONDOKA NA MGONJWA KWA MTUMBWI. KASKAZINI.

Perpetua alikuwa amechoka kusubiri. Alikuwa amemchukua mama yule kwenye mtumbwi wa mtu, kupitia gati la kaskazini, huku boti ikielekea la kusini. Walikuwa wanapishana na kisiwa kizima katikati.

Nahodha tulimpigia, huko ziwani simu haikushika. Dokta akaandika: Mama Tatu, kimbia gati la kusini. Mwambie nahodha awafuate kaskazini. Sasa hivi.

NAENDA.

Kisha hakuna kitu. Nyanjige alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Dokta alisimama na kuketi, akasimama na kuketi. Mimi nilitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, na nawaambieni ukweli, nadhani mpaka leo sijaacha kutembea.

Baadaye tukaambiwa: Mama Tatu alikimbia mpaka alipopata pikipiki, akafika gatini, nahodha akageuza boti akaukuta mtumbwi ziwani. Walimhamisha mgonjwa hukohuko majini. Mama yule aliishi. Mtoto hakuishi.

Nilimuuliza Dokta Kahindi, kama jibu lingefika mara ya kwanza, mtoto angeishi? "Damu ilikuwa imeanza kutoka tangu usiku, Mama Koku. Huenda ingesaidia. Huenda isingesaidia. Sijui, na sitakudanganya kwamba najua."

Hilo ndilo jibu nililo nalo. Ndilo linalonitembeza.

Wiki iliyofuata taarifa iliandaliwa, na mkubwa wetu, mtu mwema kabisa, aliandika kwamba chanzo ni waya kuchomoka. Akaniletea nisaini. Nikamwambia waya ulichomoka kweli, lakini waya haukusema uongo. Aliyesema uongo ni programu, na programu niliiandika mimi.

"Unajitafutia matatizo, mama, na umebakiza muda mfupi ustaafu."

"Ndiyo maana nataka uandike sasa."

Akaandika. Nilipewa barua ya onyo. Ninayo kabatini, na sioni haya kuionyesha.

Kurekebisha tulirekebisha pamoja na Nyanjige, na sehemu hii niandikieni mahali. Tulitupa kazi yote ya mkono wangu. Node, ile inayoendesha JavaScript kwenye seva, yenyewe inajua kuunganisha mikondo miwili kuwa mmoja: unaipa wa kusoma na wa kuandika, inakupa Duplex iliyotulia, na upande mmoja ukiharibika inaubomoa na mwingine. Hilo la kubomoa mwanzoni lilinikera. Kwa nini niue masikio mazima kwa sababu mdomo umeumia? Nyanjige akasema, "Kwa sababu mtu wa upande wa pili anaona unamsikiliza, anakusubiri umjibu." Sikubishana tena. Pale tulipounganisha mikondo mmoja baada ya mwingine, tuliacha ile pipe ya zamani, ambayo inapitisha data lakini haipitishi hitilafu, tukatumia pipeline, ambayo hitilafu ikitokea popote inafunga wote na kukuambia. Na "Imetumwa" ikawa haitokei mpaka kompyuta ya kisiwani ijibu kwamba imepokea. Skrini ikawa nzito. Madaktari wakalalamika. Tukawaacha walalamike.

Nimesimama tena, nimerudi. Jirani ameniuliza tena nimepoteza nini.

Baada ya hapo nilikwenda kisiwani. Hakuna aliyenituma. Nilipanda kivuko, kisha boti, nikafika kituoni na programu mpya, maana kompyuta yao nayo ilihitaji kubadilishiwa. Nesi Perpetua alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kuliko nilivyomfikiria, na alinipokea kwa adabu iliyopoa.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Nesi, kabla sijafungua kompyuta yako, nina neno." Nikamweleza yote. Sikuficha, sikutumia maneno ya kitaalamu. Nikamwambia majibu ya daktari yaliandikwa mara mbili na hayakutoka mjini, na skrini ilidanganya kwamba yametoka, na aliyeifundisha kudanganya ni mimi. Nikamwomba radhi.

Alikuwa amekaa na mikono mapajani. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo mlinijibu?"

"Tulikujibu."

"Mimi nilijua mmesoma mkakaa kimya." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimeandika barua ya kuacha kazi, mama. Iko kwenye droo. Nilisema siwezi kufanya kazi na watu wanaonisikia hivyo na kunyamaza."

Kuomba radhi nilikuwa nimeshaomba, na kuomba mara ya pili kungekuwa kwa faida yangu. Nikaweka programu mpya. Nilipomaliza alinisogelea, akasimama nyuma yangu.

"Ikikatika tena huko kwenu, upande wa kutuma tu, kama siku ile. Mimi huku nitajuaje?"

"Itakuambia. Isipopata itikio la mjini, yenyewe itajua."

"Nionyeshe."

Siku hiyo simu ilikuwa inashika. Nikampigia Nyanjige Kirumba, nikamwambia apande paani akachomoe ule waya wa kutuma. Tukasubiri. Perpetua aliandika ujumbe wa majaribio, jina lake tu na nukta mwishoni, akabonyeza. Neno la kijani halikutokea. Kitambo kidogo, skrini nzima ikageuka nyekundu: MJINI HAWAWEZI KUKUJIBU. TAFUTA NJIA NYINGINE.

Maneno hayo tuliyachagua na Nyanjige mchana kutwa.

Perpetua alivuta kiti, akaketi mbele ya ile skrini. Nyanjige alikuwa bado kwenye simu, nikasikia upepo wa paani, akiniuliza kama aurudishe waya.

"Mwambie asiurudishe kwanza," Perpetua akasema. "Aniache niiangalie."